Kujiundia baiskeli ya mlimani Goma kwa pesa kidogo: anza na magurudumu

Kwa barabara za Goma, baiskeli inayomfaa mtu mwenye pesa kidogo ni ile yenye springi mbele tu, nyuma fremu kavu. Yenye springi pande zote mbili ina viungo na bushi nyingi, na vumbi jeusi la volkano huzisaga kama msasa. Bushi zikishaisha, ni za kuagiza mbali.

Watu wengi hununua fremu nzuri na uma (sehemu ya mbele inayoshika gurudumu) wa kung'aa, halafu magurudumu wanaokota yaliyobaki. Hapa ni kinyume. Makoro, yaani mawe ya lava, yanakata tairi ubavuni, yanapinda rimu na kulegeza spoki, na fremu haipati hata mkwaruzo. Katika kila dola kumi ulizo nazo, nne ziende kwenye magurudumu na matairi, mbili fremu, mbili uma, mbili zilizobaki gia na breki. Na kabla ya kutoka nyumbani, tia mfukoni kalipa (kipimio cha milimita), futi ya chuma, sumaku ndogo na uzi wa mita mbili na nusu. Kagua pia noti zako: dola yenye mchaniko kidogo tu pembeni muuzaji ataikataa, na fremu uliyoipenda itaondoka na mwingine.

Fremu

Tafuta fremu ya mtumba ya gurudumu la inchi 26. Ni ya zamani kidogo, lakini ndiyo ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa mafundi wengi. Mtu wa sentimita 155 hadi 165 achukue fremu ya inchi 15 au 16, wa 165 hadi 178 achukue 17 au 18, mrefu zaidi 19 au 20. Ukisita kati ya mbili, chukua ndogo. Kiti unaweza kukipandisha, fremu kubwa huwezi kuipunguza.

Sumaku ikinata, ni chuma. Isiponata, kwa kawaida ni alumini. Tofauti hii ina uzito. Chuma kilichopasuka kinaweza kuungwa na fundi mwenye moto wa gesi na shaba. Fundi wa mageti mwenye mashine ya umeme ataitoboa, maana ukuta wa bomba la baiskeli ni kama milimita moja na mara nyingi chini ya hapo. Alumini iliyopasuka iache hukohuko. Hata ikiunganishwa vizuri, joto limeshaondoa ugumu wake pembeni mwa kiungo, na itapasuka tena hapo jirani.

Ifute kwa kitambaa chenye petroli, kisha tazama chini ya shingo (bomba la mbele linaloshika uma), mahali bomba la chini linapokutana na ekseli ya pedali, na pale ekseli ya nyuma inapoingia. Ufa huonekana kama unywele kwenye rangi. Kisha funga uzi kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe shingoni, uurudishe upande wa pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda.

Pima nafasi ya ekseli ya nyuma: iwe milimita 135. Bomba la ekseli ya pedali liwe na upana wa milimita 68 au 73, lenye nyuzi za skrubu ndani. Mwisho, jaribu kuzungusha nguzo ya kiti. Nguzo ya alumini iliyogandia ndani ya fremu ya chuma inaweza kukumalizia siku nzima, na mara nyingine haitoki kabisa. Ikitoka, soma namba yake, mfano 27.2, 30.9 au 31.6. Hata tofauti ya nusu milimita haikubaliki.

Magurudumu

Kuna mtego mmoja unaowapata wengi sokoni. Tairi la baiskeli ya mzigo la 26 x 1 3/8 na tairi la mlimani la 26 x 2.1 yote yanaitwa ya inchi 26, lakini hayaingiliani. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Yako iwe 559. Ile ya mzigo ni 590, na hakuna fundi atakayeilazimisha ikae.

Chukua rimu ya alumini yenye kuta mbili ndani na matundu 36 ikipatikana, au 32. Spoki ziwe za milimita 2. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma iwe ya kaseti, yaani gia zinazochomekwa juu yake, si ile ambayo gia zote zinafungwa kama kifuniko kwenye nyuzi. Kwenye hiyo ya kufunga, beringi ya upande wa mnyororo iko mbali na mwisho wa ekseli, kwa hiyo kila shimo linaipinda ekseli mpaka inakatika.

Fungua habu za mtumba hata kama zinazunguka vizuri. Nyuma mara nyingi utakuta golori (vitufe vya chuma vya beringi) 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 kila upande za inchi 3/16. Nunua mpya zote. Golori mpya na za zamani zisichanganywe, maana zile kubwa kidogo ndizo zitakazobeba mzigo wote. Tazama koni, ile nati inayobana golori: ikiwa na vishimo kwenye njia ya golori, ibadilishe pamoja nazo. Jaza grisi ya beringi, si ile nyepesi ya mnyororo. Kaza koni mpaka ubaki mchezo mdogo sana. Ukibana ekseli ya mkono (ile inayofungwa kwa wenzo bila spana) kwenye fremu, mchezo huo unapotea. Ukikaza mpaka mchezo uishe gurudumu likiwa mezani, litakuwa gumu mara litakapofungwa.

Spoki hukatika kwa kulegea zaidi kuliko kwa kukazwa. Spoki iliyolegea inavutwa na kuachiwa kila gurudumu linapozunguka, na chuma huchoka pale kwenye kona, karibu na habu. Zigonge kwa kucha: za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Nyoosha gurudumu kwa kuzungusha nati ya spoki robo mzunguko kila mara, kisha shika spoki mbili mbili na uzibane kwa nguvu kwa mkono. Zikilia, zilikuwa zimejisokota wakati wa kukaza; ziache zijisokotoe, ndipo urudie kunyoosha gurudumu.

Tairi liwe la 2.1 hadi 2.25, lenye ubavu mnene. Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu, weka upepo bar 2.2 mbele na 2.5 nyuma. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba kwenye tyubu, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeiminya. Ubavu ukikatwa na jiwe, kata kipande cha tairi kuukuu, kikwangue kiwe chembamba, kiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Kiraka cha tyubu peke yake kitavimba kupitia huo mkato.

Uma

Uma mbovu wa springi ni mzito kuliko uma mkavu na hausaidii kitu. Kama pesa hazifiki kwenye uma mzima wa mtumba, funga uma mkavu wa chuma na tairi pana. Ni uamuzi wa heshima kabisa.

Kwa uma wa springi, shika breki ya mbele ukandamize: ushuke na kurudi bila kukwama. Pitisha ukucha kwenye bomba zinazong'aa. Mkwaruzo unaokamata ukucha utakula sili. Shingo ya fremu nyingi za inchi 26 hupokea bomba la uma la inchi 1 1/8, yaani milimita 28.6. Springi iwe ya milimita 80 hadi 100. Uma wa 130 kwenye fremu iliyochorwa kwa 80 unainua mbele, unalegeza usukani, na unaivuta kwa nguvu ile sehemu ya chini ya shingo uliyokuwa ukitafutia ufa.

Gia na breki

Sproketi moja mbele ya meno 32 na kaseti ya gia 8 ya 11-34 nyuma inatosha kupanda kutoka ziwani hadi Kibati, kaskazini mwa mji, na inakuondolea kebo moja na derayere (kifaa kinachohamisha mnyororo) moja. Mnyororo ukiruka kwenye sproketi ya kawaida, rudisha derayere ya mbele bila kebo, ukaze skrubu zake ibaki kama mlinzi. Shifta (kibadili gia cha kwenye usukani) na derayere ya nyuma ziwe za familia moja: Shimano kwa Shimano, SRAM kwa SRAM. Zinavuta kebo kwa vipimo tofauti, na ukizichanganya gia hazitakaa hata ukirekebisha mpaka usiku.

Mnyororo wa mtumba upime kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake: mpya ni milimita 304.8. Ukizidi 306.4, tupa. Ukizidi 308, na kaseti imeliwa. Urefu wake: uzungushe sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye derayere, kisha ongeza inchi moja.

Breki za kubana rimu ni rahisi, ila matope ya lava yanakula rimu. Kama fremu na uma vina masikio ya diski, chukua diski za kebo, sahani ya milimita 160. Kwenye aina ambayo pedi moja tu inasogea, sogeza ile isiyosogea karibu na sahani bila kugusa, la sivyo sahani itapinda kila unapofunga. Mafuta yasiguse sahani kamwe. Ganda la kebo ya gia lina nyaya zilizonyooka kwa urefu; usilitumie kwenye breki, linaweza kupasuka ukiibana kwa nguvu.

Kufunga

Anza na ekseli ya pedali. Upande wa mnyororo unakazwa kuelekea kushoto, upande wa pili kuelekea kulia. Pedali ni kinyume: ya kulia inakazwa kawaida, ya kushoto inakazwa kuelekea kushoto. Mafundi wenye haraka huharibu nyuzi hapa, hivyo anza kwa vidole, grisi ikiwa imepakwa. Kwenye shingo, kaza kwanza boliti ya juu mpaka mchezo uishe, ndipo ubane boliti za potansi (kipande kinachoshika usukani) kwa nguvu ya 5 hadi 6 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukianza na hizi, ile ya juu haina kazi tena.

Boliti za mikono ya pedali zinahitaji nguvu nyingi, 35 hadi 50 Nm, na ndizo zinazolegea kwanza. Zikaze tena baada ya kilomita 20 za mwanzo. Ukisikia mlio wa kukwaruza kila unapokanyaga upande wa kushoto, shuka hapohapo: mkono wa alumini ukiendeshwa ukiwa umelegea, tundu lake la pembe nne linatanuka, na halikazwi tena.