SOMO: Zabibu bila sumu kwa shamba dogo la familia, Moshi na Arusha (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, kila mara naulizwa lilelile: nataka kupanda zabibu nyumbani, nianzie wapi, na bila kupiga sumu inawezekana? Nimechoka kujibu vipande vipande, naweka yote hapa. Inawezekana, ila kwa masharti mawili: aina ya mzabibu na wakati wa kupogoa. Ukikosea hayo, utabeba bomba mgongoni msimu mzima na zabibu hutazila.

Tuelewane pia kwamba huku si Dodoma. Kule mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka. Sisi tuna masika na vuli. Ukinakili ratiba ya Dodoma, maua yako yatakutana na mvua.

1. ENEO. Jua la kutwa, upepo unaopita, maji yasiyotuama. Ndani ya kihamba (shamba la nyumbani) chini ya migomba na migrivea, sahau. Kibosho na Machame ya juu mvua ni nyingi mno; tafuta shamba la chini: Himo, Boma Ng'ombe, Kisongo, Usa River upande wa tambarare.

2. AINA. Adui wakubwa ni magonjwa mawili ya ukungu. Ubwirivinyoya unataka majani yaliyolowa: doa la njano kama tone la mafuta juu ya jani, na ukigeuza unakuta manyoya meupe chini yake. Ubwiriunga hauhitaji mvua, unapenda kivuli na msongamano wa majani, na unapaka jani na tunda unga wa kijivu. Yote mawili yalitoka Marekani Kaskazini yakaingia Ulaya karne ya 19. Kwa hiyo mizabibu ya asili ya Ulaya, kama Chenin Blanc na Syrah, haina kinga ya maana, wakati mizabibu mwitu ya Amerika imezoeana nayo. Aina zenye ukinzani zimetokana na kuchanganya damu hizo mbili. Watu wa Moshi mnalijua hili kwenye kahawa: TaCRI Lyamungo, taasisi ya utafiti wa kahawa, walitoa aina zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Kazi ni ileile.

Kwa kula na juisi, tafuta Isabella. Ni ya zamani, ngumu, na imeenea nchi nyingi za joto. BRS Vitória ya Brazili, iliyotolewa 2012, ni nyeusi, haina mbegu, inahimili ubwirivinyoya na imezalishwa kwa ajili ya nchi za joto. Kwa mvinyo kuna Regent na Solaris za Ujerumani. Solaris huiva mapema sana, jambo zuri kwetu. Lakini hizo mbili zilizalishwa kwa nchi yenye baridi kali, kwa hiyo panda miche michache uione kwanza.

ONYO: usiingize vijiti vya zabibu kwenye begi la safari. Kibali cha kuingiza mimea kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na makao yao yapo hapahapa Ngaramtoni. Virusi vya mzabibu havina tiba, ukivileta ni vya jirani zako pia.

3. SHIMO. Sentimita 60 kila upande, debe la samadi iliyoiva, mita 2 kati ya miche na 3 kati ya mistari. Robo eka inaingia miche kama 160, ila anza na 30.

4. NGUZO. Waya mbili zinatosha. Nguzo za zege ni ghali lakini mchwa hawazili.

5. MWAKA WA KWANZA. Acha chipukizi moja tu lipande hadi waya, na vishada vikitokea vitoe.

6. KUPOGOA. Hapa ndipo nilipopoteza zao zima, someni polepole. Mzabibu wa kwetu haulali kama wa Ulaya kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza. Wewe ndiye unayeulaza na kuuamsha. Punguza maji wiki 2 au 3 kabla, ondoa majani yote yaliyobaki, kisha kata matawi ukiacha macho mawili (pale panapochipua) kwa kila tawi. Kutoka hapo hadi kuvuna ni kama miezi 4, na Arusha huzidi kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai. Hesabu basi: Moshi pogoa mwanzoni mwa Juni, utavuna mwanzoni mwa Oktoba kabla vuli haijakolea. Arusha anza mwishoni mwa Mei mvua zikipungua, tena kwa aina inayoiva mapema. Mimi nilipogoa Machi kwa sababu mti ulionekana tayari. Maua yalifunguka masika yakiwa yamekolea. Vishada vilibaki vijiti vya kahawia ambavyo ukivigusa vinapukutika mkononi.

ONYO: usipogoe kwa sababu jirani amepogoa. ONYO la pili: makasi yachovye kwenye spiriti kila unapohama mti. Na baada ya mavuno ya Oktoba, usilazimishe zao la pili kwenye vuli. Acha mti ujijenge.

7. KINGA. Toa majani yanayofunika vishada upande wa jua la asubuhi, okota majani yaliyoanguka, tandaza nyasi kavu. Ukinzani si kinga kamili. Mwaka wa mvua nyingi utaona madoa machache, usishtuke.

MASWALI

Mdau_Himo: Mkuu, naweza kuvuna mara mbili kama Dodoma?

Mwandishi: Hatua ya 6, mstari wa mwisho.

Chalii wa Njiro: Bei ya mche? Nicheki inbox.

Mwandishi: Siuzi miche. Naandika watu wasipoteze hela.

Mangi_Kilema: Haya mambo ya bila sumu ni ya vitabuni. Mrututu upo miaka yote, tunapiga na tunaishi.

Mwandishi: Mangi, mrututu ni shaba, na hata kilimohai kinaruhusu shaba kwa kipimo. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, kwa sababu shaba haiozi, inalimbikizana ardhini. Sasa fikiria shamba lililopigiwa mrututu wa kahawa tangu enzi za babu. Ukipanda zabibu humo, kapime udongo kabla ya kuongeza hata kijiko.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Nimepogoa Juni kama wenzangu, lakini macho ya nchani tu ndiyo yameamka, ya chini yamelala. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri sana. Bila baridi, jicho la nchani huamka kwanza na kuyazuia ya chini. Wakulima wakubwa hutumia haidrojeni sianamidi, kemikali ya kuamsha macho, ila kwenye kilimohai hairuhusiwi. Fanya hivi: msimu ujao kata fupi kama hatua ya 6, na ukibakiza tawi refu, likunje lilale kwenye waya. Kuna wanaopaka vitunguu saumu vilivyopondwa kwenye mikato mibichi siku ileile. Kumefanyiwa utafiti na kunasaidia. Jaribu kwenye miti michache, mingine iache, ulinganishe.

Mama Neema: Asante. Na salfa kwa ule unga?

Mwandishi: Inaruhusiwa, ila si jua likiwa kali, ikizidi nyuzi 30 inaunguza. Na jamaa za Isabella, hasa Concord, majani yake huungua kirahisi. Pulizia jani moja, subiri siku kadhaa.

Mdau_Himo: Samahani mkuu, nimesoma lote sasa. Ndege je? Kuzumburu wanamaliza hata mapapai.

Mwandishi: Karibu. Vishada vikianza kubadilika rangi, vifunike kwa mifuko ya karatasi ya kaki, kata kona za chini ipumue. Nailoni usitumie, inatoa jasho na kuozesha. Kwa miche 30 ni kazi ya asubuhi moja, hata watoto wanaiweza.