Kujiandaa kwa kliniki ya umio ili vipimo visirudiwe

Umio ni mrija wa misuli unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima. Timu zinazoutibu na kuutafiti huwa na daktari wa mfumo wa chakula, mpasuaji, mtaalamu wa eksirei, mtaalamu wa patholojia, muuguzi wa vipimo na mtaalamu wa lishe. Wote hao wanamtegemea mgonjwa kwa mambo mawili: maelezo sahihi na mwili ulioandaliwa kwa kipimo husika. Hayo yakikosekana, kipimo bado kitatoa jibu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu jibu lenyewe linaweza kuwa la uongo.

Maelezo kwanza

Kwa wiki moja kabla ya miadi, andika kila mara unapokwama: ulikula au kunywa nini, ulihisi wapi, ilipita au ilirudi mdomoni. Kukwama kwa vyakula vigumu tu huelekeza kwenye njia iliyobana, iwe ni kovu, pete ya utando wa ndani au uvimbe. Maji na chakula vikikwama vyote tangu mwanzo, shaka huhamia kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Ukishindwa hata kuanzisha mmezo, ukakohoa, au maji yakatokea puani, tatizo huenda liko kooni, na mtaalamu wake ni mwingine. Usishikilie sana pale unapohisi kizuizi: kilichobana chini kabisa huweza kuhisiwa shingoni.

Taja pia mbinu ulizojizoesha bila kujua: kutafuna sana, kusukuma kila tonge kwa maji, kukwepa nyama na mkate, kuwa wa mwisho kumaliza kula. Anayefanya hivyo atasema "nameza vizuri" na kweli ataamini. Andika na uzito uliopungua kwa kilo. Kwa akalesia, ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio haulegei, timu hutumia alama za Eckardt: ugumu wa kumeza, chakula kurudi, maumivu ya kifua na kupungua uzito, kila kimoja 0 hadi 3.

Dawa: hapa ndipo vipimo vingi huharibikia

Usiache dawa yoyote kabla ya kuuliza, lakini uliza mapema, wiki tatu kabla si siku tatu. Omeprazoli na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi ya tumbo, huponya michubuko, na kwa baadhi ya watu hupunguza eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) kwenye ukuta wa umio, hivyo ugonjwa hujificha. Kwa kipimo cha asidi inayopanda kwenye umio, kwa kawaida dawa hizo huachwa siku 7. Ila kama kiungulia chako kilishathibitishwa na swali ni kwa nini dawa haitoshi, kipimo hufanywa ukiwa unaitumia. Muulize daktari anatafuta jibu la swali lipi kati ya hayo mawili.

Dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini na mofini huvuruga misuli ya umio hadi ikafanana na ya mgonjwa wa akalesia. Zitaje, hata kama ulimeza kidonge kimoja. Dawa za kuzuia damu kuganda, insulini, na sindano za kupunguza uzito zinazochelewesha tumbo kumwaga chakula zinahitaji mpango wa daktari mwenyewe.

Siku ya vipimo

Kwa endoskopi, kipimo cha kuangalia ndani ya umio kwa mrija wenye kamera, acha chakula saa 6 kabla na maji saa 2 kabla. Mwenye akalesia hatoshwi na saa hizo: chakula huweza kulala ndani ya umio siku nzima na zaidi, kisha kikaingia mapafuni akishapewa dawa ya usingizi. Huyo huagizwa vinywaji tu kwa siku moja au mbili, au zaidi. Kama umekuja kwa shida ya kumeza, vinyama (vipande vidogo vya ukuta wa umio vya kupimwa maabara) vichukuliwe hata umio ukionekana safi kwa macho: angalau 6, kutoka sehemu mbili tofauti. Eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini ndicho kiwango cha kutambua ugonjwa wa umio unaotokana na chembe hizo.

Manometria hupima nguvu ya misuli kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani, mara nyingi wenye vihisi 36 vilivyoachana sentimita 1. Hulali usingizi, kwa kuwa dawa ya usingizi hubadilisha vipimo. Utameza mililita 5 za maji mara 10 ukiwa umelala, kisha mara kadhaa ukiwa umekaa. Kosa kubwa ni kumeza mate katikati: mmezo wa pili huzima wimbi la misuli la mmezo wa kwanza, na picha inaonyesha udhaifu ambao haupo. Subiri kama sekunde 30, mdomo umetulia. Mrija ukipita kooni, inamisha kidevu na uendelee kuvuta maji kidogo kidogo.

Kipimo cha asidi huchukua saa 24 kwa mrija, au hadi 96 kwa kidonge chenye kihisi kinachobanwa ukutani mwa umio. Huhesabu muda ambao pH (kipimo cha ukali wa asidi) iko chini ya 4: zaidi ya asilimia 6 ya muda ni ugonjwa, chini ya asilimia 4 ni kawaida, katikati huhitaji ushahidi mwingine. Watu hujiponza kwa kula uji na kukaa kimya siku hiyo. Kula na uiname kama kawaida yako. Bonyeza kitufe dalili inapoanza, si baada ya kuvumilia, na andika saa kwa kufuata saa ya kifaa. Ukiwekewa kidonge, usipimwe kwa mashine ya MRI kwa siku 30.

Tonge likikwama hata mate hayashuki, nenda idara ya dharura. Usilisukume kwa mkate wala maji. Baada ya kupanuliwa umio, maumivu makali ya kifua, homa, au ngozi ya shingo inayotoa mlio wa mapovu ukiigusa ni dalili za umio kutoboka.

Ukiombwa kuingia kwenye utafiti

Uliza vinyama vingapi vya ziada vitachukuliwa, vitahifadhiwa muda gani, kama kuna kundi la dawa bandia, na utapewa nini ukizidiwa. Kukataa au kujitoa hakupaswi kugusa matibabu yako. Uliza pia ufuatiliaji wa baadaye. Upasuaji wa POEM, alioufanya Haruhiro Inoue kwa binadamu mara ya kwanza Japani mwaka 2008, hukata msuli wa mlango wa chini kupitia mdomoni na hurahisisha kumeza, lakini asidi kupanda baadaye ni jambo la mara kwa mara na wengine hawahisi kiungulia. Ndiyo maana kipimo cha asidi baada ya miezi kadhaa kinapaswa kuwa kwenye ratiba kabla hujasaini.