Kushuhudia ukiwa unasuka

Mimi ni msusi hapa Tanga, na ni mlokole, sifichi. Kwenye kiti changu hukaa kila aina ya mtu: Waislamu, waliobatizwa wakaacha kusali, na vijana wasiotaka kusikia dini yoyote. Wenzangu wa kwaya huniuliza naanzaje kuwaambia habari za Yesu.

Kwanza kabisa, usimhubirie mtu aliyesukwa nusu kichwa. Ataenda wapi? Atakaa anaitikia "ehee, kweli dada" huku anahesabu mistari iliyobaki, na safari nyingine utamwona kwa msusi wa jirani. Akishika simu na majibu yakawa mafupi, wewe suka. Na usuke vizuri, bei isipande mwishoni, umalize muda uliomwambia. Wakishajua unasali, wanakuangalia hapo kwanza.

Usifungue na "umeokoka?" Kwa mtu asiyesali, swali hilo ni kama askari anayedai kitambulisho. Yohana 4, Yesu pale kisimani alianza kwa kumwomba Msamaria maji, na kiu alikuwa nayo kweli. Mimi naanzia kwenye salamu: mama hajambo? Mtoto matokeo vipi? Halafu nasubiri jibu, maana wengi tunauliza huku tunafikiria la kusema. Mteja mmoja alinijibu kwamba mama yake amelazwa. Nikamuuliza, "Nimwombee?" Akasema yeye aliacha kusali zamani, ila niombe tu. Nikaomba sentensi mbili, sauti ya kawaida, kitana mkononi, bila kukemea pepo. Aliporudi kufumua, yeye ndiye aliyeniuliza kwa nini nasali.

Ukiulizwa hivyo, simulia lako mwenyewe, kwa ufupi, na usiliongezee chumvi. Petro wa kwanza 3:15 tunapenda kunukuu pale pa kuwa tayari kujibu. "Kwa upole na kwa hofu" tunaparuka.

Vijana watakuambia hii ni dini ya Wazungu. Usikasirike, wana hoja. Wamisionari Wakatoliki walijenga misheni Bagamoyo mwaka 1868, Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na ukoloni ulikuja nyuma yao. Kubali hayo bila kuzunguka. Kisha mwulize kama amewahi kusikia habari za Aksum, kule Ethiopia, ambako Mfalme Ezana alikuwa Mkristo karne ya 4, zaidi ya miaka elfu moja kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa mwaka 1498. Au mfungulie Matendo 8, Mwethiopia yuko garini anasoma Isaya, Filipo anamuuliza, "Je! Yanakuelea haya unayosoma?" Swali moja tu, na akasubiri aalikwe kupanda. Hapo kijana huwa anaweka simu chini. Asipoweka, basi, umemjibu kwa heshima.

Kwa Mwislamu, mihadhara ya kushindana iache huko huko viwanjani. Mtume wake usimguse, na Ramadhani usile mbele yake. Mimi humwomba anieleze wanavyomfahamu Isa na Bi Maryam, ambaye ana sura nzima kwenye Kurani. Namsikiliza mpaka amalize, sikatizi. Mara nyingi naye huniuliza, na mimi Wakristo tunachoamini nakisema wazi: Yesu alikufa, akafufuka. Kukificha ili tuelewane naona ni kumdanganya.

Akisema "tuyaache hayo, dada," yaache kweli, ongeeni bei ya rasta. Namba yake ya simu ni ya kupanga siku ya kusuka; usimwingize kwenye kundi la maombi bila ridhaa yake. Akitaka kusoma, mpe Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, anaweza kuimaliza kabla hajarudi kufumua.