Kabla hujamtia mtoto mchanga majini

Mtoto wangu wa kwanza nilimngoja na vitu kumi na moja vya ngozi, vimepangwa juu ya kabati kama duka: poda, losheni, shampuu, mafuta ya aina tatu, na vingine ambavyo hata matumizi yake sikuyajua. Wa tatu nilimngoja na vinne. Chupa ya mafuta ya nazi, kipande cha sabuni isiyo na manukato, beseni, na vitambaa vya khanga kuukuu vilivyokwisha kulainika kwa kufuliwa. Havikupungua kwa sababu ya fedha. Vilipungua kwa sababu ya kichupa kimoja.

Sokoni Ngamiani, hapa Tanga, niliuziwa mafuta ya mtoto yaliyoandikwa kwa kalamu "asili tupu". Yalinukia karafuu na mikaratusi, harufu ya kupendeza kweli. Mtoto alikuwa na wiki tano. Nikampaka kifuani na mashavuni baada ya kuoga jioni. Usiku nilipomgusa, mashavu yalikuwa ya moto na yanakwaruza kama msasa, na asubuhi vipele vidogo vimejaa mpaka shingoni. (Kwa ngozi zetu usingoje kuona wekundu, hauonekani vizuri. Tumia kiganja.) Kliniki, nesi alikifungua kile kichupa, akakinusa, akakifunga. "Upupu nao ni wa asili, mama," akaniambia.

Basi hapo ndipo pa kuanzia wewe unayejiandaa. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu na bado inajijenga. Hupoteza maji upesi, na unachoipaka hupenya kwa urahisi. Tena ukilinganisha ngozi na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi kuliko wewe, kwa hiyo tone ambalo kwako si kitu, kwake ni dozi. Mafuta makali ya karafuu, mdalasini, mnanaa, mikaratusi na kafuri yaache kabisa. Kafuri na mikaratusi hudhuru hata pumzi ya mtoto zikipakwa karibu na pua. Limau usimpake, maana maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa. Habasoda ni dawa ya wakubwa, na ngozi changa huichubua. Mafuta ya mwarobaini yakiingia kinywani yameshawahi kuwalaza watoto wachanga hospitali katika hali mbaya, na kinywa cha mtoto hakiko mbali na mkono wake uliopakwa.

Mafuta ya nazi ndiyo niliyobaki nayo, na mwezi wa nane wa mimba ni wakati mzuri wa kuyatengeneza, kwani baadaye hutapata mkono wa kukuna nazi. Chukua nazi zilizokomaa, zisiwe na ukungu ndani. Kuna kwenye mbuzi, kamua tui la kwanza zito bila kuongeza maji mengi, chuja, tia kwenye sufuria safi juu ya moto mdogo. Kwanza litachemka kama tui lolote. Kisha litakatika: machicha madogo yatazama chini na mafuta kuelea. Sasa tega sikio. Maadamu unasikia yanapasukapasuka, maji bado yamo. Yakinyamaza na machicha yamekuwa rangi ya dhahabu, epua upesi kabla hayajaungua, yaache yapoe, chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka hasa. Tone moja la maji likibaki, mafuta yatachacha kabla mtoto hajazaliwa. Yaliyochacha usiyatumie ngozini, wala usiyapikie.

Ukinunua, weka kidogo kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda yakawa meupe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo sababu asubuhi za kipupwe huyakuta yameanza kushikana chupani. Ikiwa sehemu imeganda na sehemu inaelea juu kama maji, huenda kuna mkono uliochanganya. Mafuta ya alizeti nayo yanafaa. Ya zeituni, pamoja na heshima yake yote, yana asidi ya oleiki nyingi ambayo hulegeza kinga ya ngozi changa, basi yabaki mezani. Ya karanga pia yaache, kwa ajili ya mzio. Na hata yaliyo mazuri, jaribu kwanza: tone moja ndani ya mkono au pajani, ungoje siku nzima.

Jambo la pili watu hawalisemi sana, na kwangu ni kubwa kuliko sabuni. Fungua kabati uliloweka nguo za mtoto. Kuna vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo, vyenye harufu kali? Mara nyingi hiyo ni naftalini. Watu wa pwani, kama watu wengi wa nchi zenye malaria ya siku nyingi, baadhi yetu tumezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Mkubwa anaweza kuishi nao asijue. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo zilizolala na naftalini, chembe zake nyekundu za damu huweza kupasuka kwa wingi, akawa na manjano makali, na manjano makali huweza kuharibu ubongo. Hina inafanya vilevile. Najua uzuri wa kidole cha hina siku ya arobaini, na mimi wa kwanza nilimpaka, Mungu akanisitiri. Lakini mchanga asipakwe hina, achilia mbali piko. Mama mwenyewe akipakwa, mtoto asiachwe ainyonye mikononi mwake. Nguo alizorithi kwa binamu zifuliwe upya, zisuuzwe mara mbili sabuni ya unga iishe, zianikwe juani.

Wanja nao uwekwe kando, kwani aina nyingine zina madini ya risasi. Na kufukiza nguo kwa udi na ubani? Hapa nitagombana na mashangazi. Fukiza chumba chako kabla hujajifungua, fungua madirisha, moshi utoke. Baada ya hapo chetezo kikae nje, mapafu ya mchanga si ya kuvutishwa moshi. Liwa na msio ni vya mzazi anayesingwa, na kabla ya kunyonyesha, kifua kioshwe.

Poda, kwa ufupi: usinunue. Vumbi lake huingia kwenye pumzi, na kwenye mikunjo yenye jasho huwa donge.

Sabuni. Ngozi hupenda uchachu kidogo, pH kama 5.5, na sabuni nyingi za kipande, ya mche ikiwemo, huwa 9 au 10. Ndiyo maana ngozi hukauka na kuwasha. Tafuta sabuni ya mtoto isiyo na manukato wala rangi, yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho inayosomeka. Hata hiyo utaitumia mara mbili au tatu kwa wiki, kwenye makwapa, shingo na makalioni. Siku nyingine maji matupu yanatosha. Februari ya Tanga mtoto anaweza kuogeshwa kila siku, sina ubishi, joto lenyewe unalijua. Harara ikimtoka usimpake mafuta juu yake, utaziba vitundu vya jasho ukaiongeza. Mpunguzie nguo, mpanguse kwa maji ya uvuguvugu, mweke penye upepo. Mafuta ni ya ngozi kavu. Krimu za kuchanganyiwa dukani kwa ajili ya vipele usiguse, maana kuna zenye steroidi, na steroidi haipakwi mtoto bila daktari.

Sasa maji yenyewe, na hapa maandalizi ni ya mazungumzo kuliko ya vitu. Kaa na bibi wa mtoto, au mama mkwe, au somo atakayekuja kukuhudumia, mapema, mkiwa na chai, kabla uchungu haujaanza. Mkubwa hasahihishwi akiwa tayari ameshika mtoto. Mimi nilianza hivi: "Mama, kliniki wametuambia mambo ya siku hizi, nataka nikusimulie tuyapange pamoja." Akasikiliza. Si yote aliyoyakubali siku ile.

La kwanza la kumwambia ni kwamba mtoto asiogeshwe saa ileile aliyozaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja saa 24. Ule utando mweupe aliotoka nao unalinda ngozi yake, usisuguliwe, na kinachotakiwa mwanzo ni kukaushwa na kulazwa kifuani kwa mama apate joto. La pili ni kitovu. Mpaka kianguke, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 15, mtoto apanguswe kwa kitambaa na kitovu kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Majivu, dawa ya meno, samli, mate, kinyesi cha ng'ombe, hakuna hata kimoja. Pepopunda hupita hapo. Mkunga akikupa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ni ya kitovu peke yake, na ikae mbali na macho. La tatu: matiti ya mtoto yakivimba siku za mwanzo, yasiminywe kutoa maziwa. Yatanywea yenyewe.

Mkwe wangu alipinga hilo la tatu, akisema watoto wake wote walikamuliwa na wamekuwa. Tukaliacha. Siku ilipofika, hakumgusa mtoto kifuani. Hakusema kitu, nami sikusema kitu.

Kitovu kikitoa usaha au kunuka, ngozi inayokizunguka ikivimba na kuwa ya moto, joto likifika nyuzi 37.5, mwili ukiwa wa baridi hata ukimfunika, au akikataa kunyonya, usimwogeshe wala usimpake kitu. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Macho au nyayo zikiwa na manjano, vilevile.

Maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi na huichuna ngozi, tumia ya bomba. Masika yakija na rangi, yaache yatuame, yachuje, yachemshe. Kabla kidonda cha kitovu hakijapona, yachemshe kwa hali yoyote. Kwenye beseni tangulia maji ya baridi, kisha moto, daima kwa mpangilio huo, ili usije ukajisahau mtoto akawekwa juu ya maji ya moto yaliyongoja baridi. Joto la kufaa ni nyuzi 37 au 38. Kiganja cha mpishi kimezoea moto, kitakudanganya. Tumbukiza kiwiko: ukihisi si moto wala baridi, ni sawa. Kina cha vidole vinne kinatosha. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe juu ya meza, mbali na miguu ya watoto wengine, na usiongeze maji ya moto mtoto akiwa ndani.

Kila kitu kiwe upande wa mkono wako kabla hujamvua: khanga ya kumfutia imekunjuliwa tayari, nguo, nepi, mafuta, kitambaa cha uso na kingine cha makalio. Funga dirisha linaloleta upepo. Dakika tano hadi kumi, mkono mmoja chini ya shingo muda wote. Uso kwanza, makalio mwisho, na msichana apanguswe mbele kwenda nyuma. Kisha kausha mikunjo moja baada ya nyingine, ya shingo hasa, ambako maziwa hujificha yakachacha.

Simu iache chumba kingine. Mtoto huweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, bila kelele, kwa muda wa kusema "haloo". Kwetu uswahilini kuna pia hodi, na ni vigumu kuliko simu, kwa kuwa kutoitikia hodi ni utovu wa adabu. Ukilazimika kuondoka, ondoka naye, umemfunga khanga, analowa na kudondosha maji njia nzima. Mimi niliwapitia majirani kabla sijajifungua nikawaeleza. Jirani yangu wa mlango wa pili akibisha saa nne asubuhi asipoitikiwa, hukaa barazani akangoja, na akisikia mtoto ameacha kulia hubisha tena.