Somo: Turbo inakula oili? Pima kabla hujashusha injini

Gari la turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) likianza kudai oili, gereji nyingi hapa Dodoma zina jibu moja: "Ringi zimekwisha, tushushe injini." Ringi, yaani pete za pistoni. Huenda ni kweli. Ila muulize fundi gari linakula kiasi gani kwa kilomita 1,000, uone atakavyokwepa. Nimelenga Subaru za injini ya EJ20 turbo, Forester na Impreza, lakini mwenye Golf GTI au Toyota Mark II ya injini ya 1JZ turbo naye afuate.

Hatua ya 1: Uvujaji kwanza. Osha injini, tembelea gari siku mbili tatu, kisha laza boksi chini yake usiku. Boksi kuwa safi si ushahidi tosha. Kwenye EJ, gasketi za tapeti kava (kifuniko cha valvu) zikichoka hudondoshea oili juu ya ekzosi, inaungua hapo hapo. Ukisimama kwenye mataa utasikia harufu, chini hakuna hata tone.

Hatua ya 2: Jaza hadi F, alama ya juu ya dipstiki. Gari liwe tambarare, injini imepata moto, zima, subiri dakika kumi. Dipstiki ya Subaru ina ukorofi wake: upande mmoja husoma juu kuliko mwingine. Amini ulio chini. Piga picha kilomita kwenye dashibodi.

Hatua ya 3: Tembea, andika. Dar kwenda na kurudi ni karibu kilomita 900, inatosha. Kagua kila unapoweka mafuta. Kutoka F hadi L (alama ya chini) ni takribani lita moja, kwa hiyo usisubiri ifike L. Ongeza kwa chombo chenye alama za mililita. Ukirudi, pima pale pale ulipoanzia. Mfano: umeongeza mililita 600 kwa kilomita 900, hiyo ni kama 670 kwa kila 1,000. Volkswagen kwenye vitabu vyao huruhusu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Mimi EJ yenye umri ikila mililita 300 naiacha, naongeza tu. Ikifika lita, acha kuikanyaga kwa nguvu mpaka ujue sababu: oili ikiingia kwenye silinda hushusha okteni ya mchanganyiko (uwezo wa kutolipuka ovyo), injini inagonga, na pistoni za turbo hazivumilii kugonga.

Hatua ya 4: Moshi unatoka lini? Wa bluu asubuhi ukiwasha, kisha unapotea: sili za valvu. Umeachia mafuta kwenye mteremko wa Gairo kwenda Dumila, ukikanyaga tena linafuka: sili za valvu au ringi za oili. Linafuka likiwa linavuta kwa nguvu: ringi, au briza (bomba la kupumulia injini).

Hatua ya 5: Turbo husingiziwa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Oili huingia kwenye turbo kwa presha, lakini hutoka kwa kushuka yenyewe kupitia bomba la kurudi sampo, trei ya oili chini ya injini. Valvu ya PCV (inayotoa gesi ndani ya injini) ikiziba, au ringi zikipitisha gesi nyingi, presha ndani ya injini hupanda na oili ya turbo hukosa njia ya kushuka. Inapenya kwenye sili, inaingia inteki (njia ya hewa) au ekzosi. Fundi anafungua bomba, anaona oili, anasema turbo imekufa. Unanunua nyingine, nayo inavuja wiki hiyo hiyo. Kabla ya kununua, badilisha PCV, safisha bomba za briza na bomba la kurudi. Kisha shika shafti ya turbo: ikicheza kidogo pembeni ni kawaida, ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yakigusa nyumba yake, hiyo kweli imekwisha. Unyevu mwembamba wa oili kwenye bomba la inteki usikutishe. Kidimbwi ndiyo habari.

Hatua ya 6: Kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya silinda. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo vipimo vitakuwa chini ya vya kitabu hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda kwa silinda. Ile mbinu ya kumwagia oili kwenye tundu la plagi na kupima tena, kwenye Subaru inadanganya: silinda zimelala, oili inatuama upande wa chini. Bora kuingiza hewa ya kompresa na kusikiliza. Ikipumulia kwenye kifuniko cha oili, ni ringi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, shikamoo. Langu halitoi moshi kabisa ila oili inapungua. Inawezekana? (Nkuhungu)*

Marahaba. Inawezekana sana. Nusu lita kwa kilomita 1,000 ni nusu mililita kwa kilomita, kama matone kumi, na katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) humeza sehemu yake. Mwambie mtu akufuate usiku na taa zake, ukiwa unakanyaga mafuta kwa nguvu.

*Mkuu, nimeshauriwa niweke oili nzito, 20W-50, ili lisile. (Area D)*

Kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 sawa, kama kitabu chako kinaruhusu. 20W-50 inaweza kupunguza ulaji, lakini asubuhi za baridi za Julai inachelewa kufika kwenye turbo, na EJ nyingi zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili la turbo. Kikiwa kimeshaanza kuziba, umeimaliza. Kisafishe kwanza.

*Nimefunga filta ya koni badala ya ea klina ya kawaida, ina shida? (Kisasa)*

Kwa vumbi letu la Agosti, mimi nisingeifunga. Koni za bei rahisi hupitisha mchanga laini, unakula mapanga ya turbo kisha ringi. Pitisha kidole kwenye bomba baada ya koni. Kikitoka na vumbi, rudisha boksi la kiwandani leo.

*Taa nyekundu ya oili huwaka kwenye kona kisha inazima. Naweza kufika Singida? (Bahi)*

Hapana kaka. Taa hiyo ni ya presha, si ya kiwango. Zima injini sasa, pima dipstiki. Ikiwa chini, jaza. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, tafuta gari la kukuvuta.