Kerneli ikinyamaza, ipe earlycon

Wenzangu wa Kigoma mnaojijengea kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4: waya wa siriali usipotoa hata herufi moja, washeni earlycon, konsoli ya mapema inayotoa ujumbe wa kerneli kabla ya konsoli ya kudumu: ongezeni earlycon=pl011,mmio32,0xfe201000 kwenye cmdline.txt (faili la vigezo vya kerneli), na dtoverlay=disable-bt kwenye config.txt ili pini za GPIO 14 na 15 zipewe UART hiyo (saketi ya siriali iitwayo pl011). Ili kerneli ifikie rejista za UART, lazima izipe anwani pepe. Mwanzoni kabisa ioremap, njia ya kawaida ya kufanya hivyo, haifai, kwa kuwa mgawaji wa kumbukumbu hajawa tayari. Earlycon hutumia fixmap, eneo la anwani zilizopangwa mapema, ambayo haimhitaji: anwani pepe zake hupangwa tangu kerneli inapokompailiwa, na majedwali ya kurasa yake (yanayounganisha anwani pepe na anwani halisi) yametengewa nafasi ndani ya kerneli yenyewe. Kinachobaki ni kujaza ingizo moja lielekee kwenye rejista za siriali. Ni mpango safi sana, naupenda kwa dhati. Lakini earlycon haitasaidia kerneli ikianguka kabla vigezo vya mwanzo havijasomwa. Hapo kimya kitaendelea. Tena angalieni anwani: Pi 3 hutumia 0x3f201000, na ukikosea, bodi inaweza isiwake kabisa. Maandishi yakikatika konsoli ya kudumu inapopokea zamu, ongezeni keep_bootcon kwenye cmdline.txt ili konsoli ya mapema isizimwe.