Namna ya kukagua kambi ya mahema Uganda

Fika kabla ya saa kumi na moja jioni. Giza huingia karibu saa moja, na kiwanja hakikaguliwi kwa tochi. Anza na ardhi: kigingi kikizama kwa mkono mtupu, mvua na upepo vitaling'oa hema. Fungua bomba la bafu dakika mbili nzima. Kama maji huchemshwa kwa kuni, uliza moto unawashwa saa ngapi.

Katika hifadhi za taifa za Murchison Falls na Queen Elizabeth, tafuta njia za viboko kuelekea majini: nyasi zilizolala, kinyesi kilichotawanywa vichakani. Usipige hema hapo hata mwenyeji akikuhakikishia. Viboko hutoka usiku kula nyasi. Kwenye Ziwa Bunyonyi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, beba blanketi.

Kwenye tathmini utakayoandika kuhusu kambi, taja mwezi uliolala hapo, kwani mvua za Machi hadi Mei huharibu barabara ya kuingilia.